Bangi ikiruhusiwa na rekodi za zamani zifutwe

Mhariri habari za kazi. Mimi nipo Uyole, Mbeya, nimesoma habari za bangi huko Marekani nikaona hili tusilipite hivi hivi. California walipiga kura 2016 wakaruhusu watu wazima, maduka yakafunguliwa, lakini aliyefungwa zamani kwa msokoto ilibidi arudi mwenyewe mahakamani kuomba rekodi isafishwe, sasa nani ana hela ya wakili jamani? Mpaka waendesha mashtaka wa San Francisco wakatumia kompyuta kupekua mafaili, 2019 wakatangaza kesi zaidi ya 9,000 zinasafishwa bila mtu kuomba. Hivyo ndo inavyotakiwa. Afrika Kusini nao sheria yao ya 2024 imegusa kufuta hukumu za zamani.

Huku kwetu bangi bado ni kosa na sheria ya 2015 ni kali, siombi iruhusiwe. Ila kuna kijana mtaani kwetu, dereva mzuri sana wa fuso, alikamatwa na kete chache akiwa mdogo, kifungo akamaliza, leo kila akipata kazi anaambiwa kalete cheti cha tabia njema, akipiga alama za vidole lile kosa linatoka, kazi inaenda kwa mwingine. Anashinda anapakia viazi kwenye malori ya wenzake na leseni anayo mfukoni, inauma jamani.

Wabunge wetu waweke muda, mtu akishamaliza adhabu na akakaa miaka bila kosa jingine, polisi wenyewe waifute rekodi yake, asianze tena kuzungushwa na mabarua.