Manemane haitaki kuchemshwa

Mhariri,

Kila manemane inapotajwa, watu huambiwa waichemshe. Hapo ndipo dawa inapopotea. Kichaka cha manemane, chenye miiba, cha nyika kame za Somalia, Ethiopia na Mandera nchini Kenya, hutoa utomvu wenye sehemu tatu: gundi inayoyeyuka majini, ulimbo unaoyeyuka kwenye spiriti, na mafuta yenye harufu ambayo hupeperuka na mvuke.

Kwa vidonda vya mdomo na fizi, dawa huwa spiriti ya manemane: sehemu 1 ya unga kwa 5 za spiriti safi ya kunywewa (ile ya viwandani ni sumu). Matone 5 hadi 10 katika glasi ya maji ya uvuguvugu. Maji yakigeuka meupe kama maziwa, ni sawa. Sukutua, uteme.

Utomvu ukinata kwenye kinu, una joto. Upoze kwanza, ndipo utwange.

Mjamzito asiinywe, maana huweza kuchochea mji wa mimba. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye aiache. Na machungu yake? Hayafichiki, hata kwa asali.

Msomaji