Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Teknolojia kwa Njia ya Mtandao kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wawakilishi wa kampuni washirika, wakufunzi wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kujumuika nasi katika mahafali haya. Tunawashukuru pia wafadhili waliotulipia ada. Hata hivyo, kwa kuwa shukrani pekee hazimsaidii mfadhili kupanga, tunaomba ruhusa yako tueleze namna ufadhili huu unavyoweza kutufaa zaidi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ushirikiano wa kampuni na taasisi za elimu si jambo geni. Mwaka 1997 kampuni ya Cisco ilianzisha mafunzo yake ya mitandao ya kompyuta baada ya kubainika kwamba shule zilizowekewa vifaa hazikuwa na watu wa kuvitunza. Mwaka 2013 chuo cha Georgia Tech cha Marekani, kikishirikiana na Udacity, kampuni ya kozi za mtandaoni, na kampuni ya simu ya AT&T, kilitangaza shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta inayosomwa mtandaoni; AT&T ilichangia dola milioni 2, na masomo yalipoanza Januari 2014, ada ya shahada nzima ilikuwa takriban dola 7,000. Kinachotuvutia zaidi katika mfano huo ni kwamba fedha za kampuni zilisaidia kuanzisha, ilhali shahada ilibaki kuwa ya chuo, nayo ada, ingawa ndogo, iliendelea kuibeba programu.

Upo pia mfano wa tahadhari. Vyuo vikuu vya Harvard na MIT vya Marekani vilipoanzisha edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, mwaka 2012 viliahidi jumla ya dola milioni 60. Mwaka 2021 jukwaa hilo liliuzwa kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800, na mwaka 2024 mnunuzi huyo akaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Ikiwa taasisi zenye majina makubwa namna hiyo hupitia misukosuko, mafunzo yanayotegemea mfuko mmoja, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, yamo hatarini zaidi.

Kwa hiyo tunaomba mikataba ya ufadhili iwe ya miaka kadhaa na ihusishe zaidi ya kampuni moja. Tunaomba pia mitaala isifungwe kwenye bidhaa za mfadhili. Hatupingi kujifunza zana zake, maana ndizo tutakazozikuta kazini. Lakini anayezielewa kanuni za hifadhidata atahamia zana nyingine bila shida, na aliyekariri vitufe vya programu moja ataanza upya siku programu hiyo itakapobadilishwa.

Jambo linalotugusa kuliko yote, Mheshimiwa, ni matumizi ya fedha hizo. Bajeti nyingi huishia kwenye leseni na video, wakati mwanafunzi anakwama kwa kukosa bando, kompyuta ya kufanyia mazoezi, au mkufunzi wa kumjibu pale msimbo wake, yaani maagizo anayoiandikia kompyuta, unapokataa kufanya kazi. Wanaojiandikisha kwenye kozi za bure za mtandaoni ni wengi mno kuliko wanaozimaliza, na kuongeza video hakutapunguza pengo hilo. Tungefurahi kuona wahandisi wa kampuni washirika wakitengewa saa za kazi za kuwasimamia wanafunzi, na kila kampuni ikitaja ndani ya mkataba idadi ya nafasi za mafunzo kwa vitendo zenye posho itakazotoa. Cheti kisichofuatiwa na nafasi hizo humwacha mhitimu akitafuta uzoefu ambao waajiri wenyewe wanamdai.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wahitimu.