Land Rover zetu zisiishie kuwa sufuria

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niwaseme, kwa heshima zote, wazee wenzangu wa Arusha na Moshi wenye magari ya zamani nyuma ya nyumba. Niwaseme na vijana wao, wanaosubiri tu mzee afumbe macho wamwite mtu wa vyuma chakavu.

Nimeendesha watalii tangu nikiwa utingo. Mgeni akishashuka Kilimanjaro au akirudi kutoka Ngorongoro, mara nyingi hubaki na siku moja mjini akisubiri ndege ya usiku pale KIA. Anapelekwa kununua shanga, anapelekwa boma la Mjerumani, anakunywa kahawa, basi. Wapo wanaouliza: yale magari ya kizamani tuliyoyaona njiani, mtu anaweza kwenda kuyaona wapi kwa utulivu? Madereva wengi huwajibu kwamba hakuna. Wakati yapo, tena mengi, ila yamefungiwa ndani ya mageti.

Kijana wangu anaishi Ujerumani. Nilipokwenda kumtembelea nilimwambia mambo ya makanisa na majumba ya wafalme aniachie, anipeleke kwenye magari. Tukaenda Stuttgart, kwenye makumbusho ya Mercedes-Benz yaliyofunguliwa mwaka 2006. Unapanda lifti mpaka juu kabisa, halafu unateremka kwa miguu ukizunguka, na kila ukishuka miaka inasogea. Unapotoka kwenye lifti hukuti gari, unakuta farasi! Farasi mweupe, na karibu yake maneno yanayosemekana ni ya Kaizari Wilhelm wa Pili, kwamba yeye anaamini farasi, motokaa ni jambo la kupita. Nikacheka peke yangu, maana huyo ndiye Kaizari ambaye watu wake walijenga boma letu la Arusha. Mbele kidogo linakuja gari la magurudumu matatu la Karl Benz, la mwaka 1886.

Kilichonikamata zaidi ni kwamba hawakuweka magari ya matajiri peke yake. Mabasi yamo, magari ya zimamoto yamo, na ya wagonjwa pia.

Tukavuka mpaka hadi Mulhouse, Ufaransa. Huko kuna mkusanyiko ulioanza kwa siri: ndugu wawili, Hans na Fritz Schlumpf, wenye viwanda vya nguo, walinunua magari mamia wakayaficha ndani ya kiwanda chao cha zamani, zaidi ya mia moja yakiwa Bugatti. Viwanda vilipoanguka, mwaka 1977 wafanyakazi waliingia wakakuta kumbe fedha zililala pale. Wangeweza kuyavunja au kuyachoma kwa hasira, na hasira walikuwa nayo kwa haki. Serikali ya Ufaransa ikayatangaza kuwa urithi wa taifa, na mwaka 1982 milango ikafunguliwa kwa watu wote.

Sasa turudi nyumbani. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu, chuma Uingereza kilikuwa cha mgawo, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, na rangi ya kijani ya mwanzo ilikuwa mabaki ya rangi za ndege. Ile ya majaribio yenye pleti HUE 166 Waingereza wanaitunza mpaka leo. Bodi haiozi. Kinachooza ni chesi, ile fremu ya chini inayobeba gari, maana ni chuma. Mtu akiona chesi imekwisha anadhani gari zima limekwisha, na hapo ndipo mwenye mizani, mnunuzi wa vyuma chakavu, anapopiga hodi, kwa sababu aluminiamu ina bei nzuri kuliko chuma.

Nimesimama mtaa wa Unga Limited, hapa Arusha, nikaangalia mlango wa Land Rover ya zamani, ile ya mia na tisa, ukikatwa kwa patasi na nyundo. Ni ule wenye vioo vya kusukuma. Upande wa ndani kulikuwa na maandishi ya rangi nyeupe, upepo wa tairi za mbele na za nyuma, kwa mwandiko ulionyooka wa madereva wa zamani. Vipande vikaingia kwenye kiroba kwenda kuyeyushwa. Leo mlango ule ni sufuria, mama ntilie fulani anapikia maharage.

Si Land Rover tu. Mbio za magari za Safari Rally za mwaka 1966 na 1967 zilichukuliwa na Bert Shankland, mkazi wa hapahapa Tanzania, akiwa na Peugeot 404. Sisi watoto wa wakati ule tulilitukuza gari hilo. Nionyesheni 404 moja mjini ambayo mtoto wa shule anaweza kupelekwa akaitazame. Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa wanayo Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya mkoloni na baadaye Mwalimu. Vizuri sana, lakini Rolls-Royce haikuwahi kukwama kwenye tope la Ndutu, kule mbugani.

Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover kwenye tamasha la magari hayo. Lilipokwisha, kila moja likarudi nyuma ya geti lake.

Siombi jengo. Jengo linataka bajeti, na bajeti inataka vikao. Naomba mwenye gari afungue geti siku atakayoipanga mwenyewe, mgeni apige simu kwanza, alipe kiingilio cha kununulia betri na tairi. Nanyi madereva, mwambieni mgeni begi la mgongoni libaki kwenye gari, kwa sababu zipu na bizimu ya mkanda huchubua rangi. Asishike kitu bila ruhusa. Na asimuulize mzee bei ya gari hata chai haijaletwa. Amwombe azungushe hendeli, injini iitike, maana mzee mwenyewe anasubiri kuombwa.

Vijana, chesi huchomelewa. Kabla ya kuita mizani, iteni fundi.

Walio tayari kufungua mageti waandike kwenye ukurasa huuhuu. Orodha nitaikusanya mimi, niwagawie madereva wanaopokea wageni KIA.

Dereva mstaafu,
Sakina, Arusha