Logi Zimo Tayari Kwenye Seva, Sasa Mnatutoza Nini?

Kuna lalamiko linalorudi kila tunapotuma ankara ya kuunganisha seva za wingu, yaani mashine za kukodi mtandaoni, na mfumo wa ufuatiliaji wa pamoja, unaokusanya logi, yaani kumbukumbu za kinachotokea kwenye kila mashine. Mwenye biashara anampa kijana wake wa IT aisome, na kijana anamwambia: "Bosi, hizi logi zipo tayari. Linux inaziandika yenyewe, bure. Hawa wanakuuzia mali yako." Mwezi huu mteja mmoja wa Kariakoo alitupigia akiwa amekasirika kabisa, akatuita matapeli, akakata simu. Tumeona tujibu hapa, mbele ya wateja wote, kwa sababu neno hilo linatuuma na kazi yetu hailistahili.

Kijana hakudanganya. Ubuntu, moja ya aina za mfumo endeshi wa Linux, inaandika kila anayeingia na kila anayejaribu kuingia kwenye /var/log/auth.log. Rocky na AlmaLinux, aina nyingine za Linux, zinaandika kwenye /var/log/secure. Windows Server ina logi yake ya Security. Yote hayo ni bure. Shida ni kwamba yanaandikwa ndani ya mashine ileile anayoitaka mwizi. Duka lenye kamera nzuri ambalo rekoda yake iko kaunta lina hali hiyohiyo: anayevunja anaondoka na rekoda. Akishapata root, yaani mamlaka yote ya mashine, kufuta auth.log ni amri moja. Kwenye Windows akifuta logi ya Security linabaki tukio namba 1102, linalotaja akaunti iliyofuta, lakini nalo limo kwenye mashine ambayo sasa ni yake.

Hata asipokuja mwizi, logi hazikai. Logrotate, programu ya Linux inayoondoa logi za zamani, kwa mipangilio yake ya kawaida, inazungusha mafaili kila wiki na kubakiza manne, yaani kama mwezi mmoja tu. Logi ya Security ya Windows kwa kawaida ina nafasi ya megabaiti 20. Seva iliyoachwa na poti 3389, mlango wa kuiendesha Windows kutoka mbali, wazi kwa dunia nzima inapigwa majaribio ya nywila usiku na mchana, na matukio hayo ya namba 4625 yanaijaza nafasi hiyo upesi, kisha yanaanza kufuta ya zamani. Unapogundua kuna jambo, siku unayoitafuta haipo tena.

Halafu seva za wingu zina tabia ambayo ile seva ya chini ya meza ofisini haikuwa nayo: zinafutwa. SACCOS moja ilituita baada ya kuona miamala isiyoeleweka kwenye mfumo wao wa mikopo. Develpa wao alikuwa ameshaona dalili siku iliyotangulia, akaogopa, akaifuta mashine na kuwasha nyingine safi kutoka kwenye imeji, yaani nakala ya mfano iliyoandaliwa. Kwa nia njema kabisa. Diski ikaenda na mashine, logi zikaenda na diski. Tukafungua CloudTrail, daftari la matukio la wingu la Amazon (AWS), ambayo inatunza historia ya siku 90 bila malipo, tukakuta kila kilichofanyika nje ya mashine: nani aliiwasha, nani aliifuta, saa ngapi. Kilichofanyika ndani, yaani nani aliingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali), alitumia sudo (amri ya kutumia mamlaka ya root) kufanya nini, alimwongeza mtumiaji gani, CloudTrail haikijui na haijawahi kuahidi kukijua. Jina pekee lililoonekana kwenye ufutaji lilikuwa la develpa mwenyewe, na bodi ikaanza kumshuku mtu aliyekuwa akijaribu kusaidia. Hatukuwa na mstari hata mmoja wa kumtetea.

Hapo ndipo watu wengi wanapokubali kwamba logi zitoke kwenye mashine. Na hapo ndipo inapoingia njia ya mkato tunayoichukia kuliko zote: skripti ya usiku.

Skripti yenyewe ina mistari miwili. Cron, kipima muda cha Linux, inaamka saa nane usiku, amri ya aws s3 sync inanakili /var/log kwenda kwenye S3, hifadhi ya mafaili ya Amazon, mwenye biashara anaambiwa "tayari bosi, tumeokoa hela". Kampuni moja ya kusafirisha mizigo ilikataa ankara yetu ikachagua hiyo. Miezi kadhaa baadaye prosesa za seva zao zikaanza kupiga asilimia mia, na tulipoitwa tulikuta programu ya kuchimba sarafu za kidijitali imejificha kwenye /dev/shm, folda iliyo ndani ya RAM. Saa ya faili lake ilionyesha lilifika saa kumi na moja jioni. Aliyeliweka alikuwa ameshafuta auth.log na mafaili yake ya wiki zilizopita kabla ya usiku kuingia. Saa nane skripti ikaamka kwa uaminifu wake. Ikachukua auth.log iliyobaki na mistari michache, ikaibandika juu ya ile nzima ya jana. Na kwa kuwa mwandishi wake aliweka --delete, inayofuta kule kisichokuwepo tena huku, ili hifadhi isijae, yale ya wiki zilizopita nayo yakafutwa kule S3. Hifadhi haikuwa na matoleo ya nyuma. Ufunguo wa kufikia hifadhi hiyo ulikuwa umelala kwenye faili ndani ya seva ileile, wenye ruhusa ya kusoma, kuandika na kufuta.

Mstari mmoja tu wa namna hii ungetosha kuanzia kazi:

Accepted password for test from 203.0.113.45 port 50122 ssh2

Anwani hiyo ni ya mfano, lakini soma kilichomo. Akaunti ya majaribio ambayo mtu alisahau kuifuta, nywila badala ya ufunguo, anwani ya mtandao alikotoka, na mbele yake tarehe na saa. Hatukuupata. Walilipia uchunguzi mara kadhaa ya ile ankara waliyoikataa, na jibu tulilowapa lilikuwa nusu: tunajua alichofanya, hatujui alipitia wapi. Ikabidi seva zote zijengwe upya na nywila zote zibadilishwe, kwa sababu hakuna mlango tungeweza kuuthibitisha kuwa ni mzima.

Sisi tunaweka ajenti, programu ndogo ndani ya seva, inayosukuma kila mstari ndani ya sekunde chache, kwa njia iliyosimbwa. Mashine inaweza kuandika kwenye hifadhi ya logi lakini haiwezi kufuta humo. Hifadhi yenyewe iko kwenye akaunti nyingine ya wingu, yenye watu wengine na nywila nyingine. Mwizi anaweza kuizima ajenti, ndiyo, lakini mistari ya kuingia kwake imeshaondoka, na mashine ikinyamaza ghafla sisi tunapata tahadhari.

Hilo la kunyamaza tunalisimamia kuliko kitu kingine chochote. Debian 12, aina nyingine ya Linux, haiji tena na rsyslog, programu inayoandika mafaili ya logi, kwa kawaida, kwa hiyo hakuna auth.log, kila kitu kimo kwenye journald, hifadhi ya logi ya mfumo wenyewe. Fundi asiyejua anaielekeza ajenti kwenye faili lisilokuwepo, dashibodi inaonyesha rangi ya kijani kwamba ajenti imeunganishwa, na hakuna kinachokuja. Mteja mwingine alikuwa kwenye Azure, wingu la Microsoft, akaapa kwamba anafuatiliwa. Kumbe aliwekewa ajenti ile ya zamani ya Log Analytics, ambayo Microsoft iliisitisha tarehe 31 Agosti 2024, na fundi aliyeiweka alishahamia kwingine. Kuna pia waliosakinisha ajenti ya Wazuh, mfumo wa ufuatiliaji wa bure, ndani ya imeji halafu wakazalisha seva kutoka humo. Seva zote zikawa na kitambulisho kimoja kwenye faili la client.keys, zinagombea jina moja, na logi za moja zinasomeka kama za nyingine. Kwa sababu hiyo kabla hatujamwambia mteja kwamba seva imeunganishwa, tunaingia sisi wenyewe kwa nywila ya makosa, tunasubiri, tunaangalia kama kosa letu limefika upande wa pili. Kila seva. Inachukua muda, na muda huo umo kwenye ankara.

Saa nayo inakula muda. Meneja anakwambia tatizo lilianza saa nne usiku. Seva moja imeandika 22:00 kwa saa za Afrika Mashariki, nyingine 19:00 kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na ya tatu haina chrony, programu ya kurekebisha saa, kwa hiyo saa yake imeteleza dakika kadhaa. Muundo wa zamani wa kuandika logi, uitwao syslog, hautaji mwaka wala ukanda wa saa, basi ukiyachanganya hayo mahali pamoja mwizi anaonekana ametoka kabla ya kuingia. Tunazipatanisha zote kwanza.

Sasa bei, maana ndiyo inayogombanisha. Kuna mteja alitaka tumrudishie hela kwa kuwa bili yake ya wingu ilipanda baada ya sisi kumuunganisha. Tulipofungua tukakuta fundi wake ameongeza logi zote za nginx, programu inayohudumia tovuti, na za programu yao ikiwa kwenye hali ya debug, inayoandika kila kitu, pamoja na ule ukaguzi wa afya ambao kisawazisha mzigo, kinachogawa kazi kati ya seva, kinaufanya kila baada ya sekunde 30 mchana kutwa na usiku kucha. CloudWatch, hifadhi ya logi ya Amazon, katika kanda ya Virginia inatoza senti 50 za dola kwa kila gigabaiti inayoingia. Gigabaiti 10 kwa siku ni 300 kwa mwezi, ni dola 150, kwa maneno ambayo hakuna atakayeyasoma. Na usipoweka kikomo, CloudWatch inazitunza bila mwisho, unaendelea kulipia.

Kuchagua ndiyo kazi unayotulipia. Kwenye Linux tunachukua kuingia, sudo, na kupitia auditd, programu ya ukaguzi, mabadiliko ya /etc/passwd (orodha ya watumiaji), /etc/sudoers (wanaoruhusiwa sudo), cron na mafaili ya authorized_keys yenye funguo za SSH. Kwenye Windows tunachukua 4624 la kuingia baada ya kuchuja zile za akaunti za mashine, 4625 la kushindwa kuingia, 4720 la mtumiaji mpya, 4732 la kuongezwa kwenye kundi, 1102, na 4688 la programu kuanzishwa, ambalo halirekodiwi mpaka uliwashe kwenye sera ya ukaguzi. Orodha hii inabadilika kwa kila biashara. Anayepokea malipo ya kadi anabanwa na PCI DSS, kanuni za usalama wa kadi, kutunza miezi 12, mitatu kati yake ikiwa tayari kusomwa papo hapo. Mwenye wateja Kenya ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data pindi data ikivuja kwa namna inayowahatarisha wateja hao, na ndani ya saa hizo hutaweza kusema kilichovuja kama huna logi.

Wazuh haiuzwi, yeyote anaweza kuipakua leo, na hatujawahi kumficha mteja hilo. Kwenye ankara yetu kuna diski, kuna ule uchujaji, na kuna mtu anayesoma tahadhari usiku wa manane akajua ipi ya kumwamshia mwenye biashara.

Ukihisi tayari kuna aliyeingia, usiifute mashine na usiizime. Piga snapshoti, yaani nakala ya papo hapo, ya diski, ifungie mtandao kwa sheria za fayawoli za wingu ibaki kimya peke yake, andika kwenye karatasi saa uliyofanya hivyo, ndipo utupigie. Anayetaka tu makadirio atutumie idadi ya seva, aina ya mfumo wa kila moja, na bili ya wingu ya mwezi uliopita.