Kwa nini napima sensa ya boila kabla ya kubadilisha, na kwa nini nalipisha huo upimaji

Wiki iliyopita nimeambiwa tena maneno yaleyale. Mama mmoja mwenye gesti hapa Njombe kanipigia simu kalalamika kwamba nimemuibia, nimekaa kwake masaa matatu, nimeondoka bila kufunga kifaa chochote kipya na bado nimechukua elfu sitini. Anasema nilichofanya ni kukwangua waya tu.

Ni kweli mama, nilikwangua waya. Ila naomba nieleze hapa ili na wengine waelewe maana hii lawama sio ya kwanza.

Boila yake ya kuni ilikuwa inatoa mvuke kwenye tenki la juu, wageni wanaungua bafuni, na huku kontrola, kile kiboksi kinachowasha na kuzima feni ya moto, inaonyesha digrii 80 tu, kama alivyoiseti. Kabla hajaniita alishanunua sensa mbili dukani, kile kifaa kinachopima joto la maji na kuipelekea kontrola, elfu ishirini na tano kila moja, kijana wake kafunga, na zote zikasoma vilevile. Sasa sensa tatu zikisema uongo unaofanana, mi akili yangu haiendi kwenye sensa tena, inaenda kwenye waya. Nikafuata waya kutoka kwenye boila mpaka kwenye kontrola, nikakuta pale katikati walipouunga kwa kusokota na kuzungushia tepu, chini ya dirisha la jikoni, shaba imeshakuwa ya kijani. Nikapima: ile maungio peke yake ina kama ohm 400.

Hizo ohm 400 ni nini? Ohm ni kipimo cha upinzani, yaani kiasi umeme unavyozuiwa kupita. Sensa nyingi za hizi boila ndogo ni NTC ya 10k, yaani kwenye joto la 25 inasoma ohm 10,000, na maji yakipanda ohm zinashuka, kwenye 80 inabaki kama 1,270. Kwa hiyo ukiongeza upinzani wa kutu kwenye waya, kontrola inadhani maji ni ya baridi kuliko yalivyo na inaacha feni iendelee kupuliza moto. Ikifika kuandika 80 maji yenyewe yako kama 92, na hapa kwetu 92 ndo maji yanakaribia kuchemka. Angekuwa na PT100, sensa ya aina nyingine ambayo ohm zake zinapanda joto likipanda, ingekuwa kinyume, hata kutu ya ohm chache tu ingeifanya isome juu, feni ingezima mapema na wageni wangelalamika maji ya uvuguvugu, kosa lilelile ila lawama tofauti. Na hizo mbili kwa macho zinafanana kabisa, kichwa cha chuma na waya, ndo maana ukienda dukani na picha ya simu unaweza uziwa ya aina nyingine na kontrola yako ikaandika vitu havieleweki. Njoo na sensa ya zamani mkononi, ipimwe kwenye joto la kawaida: karibu na 10,000 ni NTC, mia na kidogo ni PT100.

Hapo niliposema 92 ni karibu na kuchemka kuna watu watabisha. Mwaka jana kaka mmoja mwenye lodji alinirudishia sensa kwa hasira kwamba nimemfungia feki, aliitumbukiza kwenye sufuria inayotokota ikasoma 93, na shuleni kafundishwa maji yanachemka 100. Shuleni hawakukosea, ila hiyo 100 ni ya usawa wa bahari, Dar au Tanga huko. Kila ukipanda kama mita 300 unapoteza digrii moja hivi, na sisi tuko karibu mita 2,000 juu. Ile sensa ilikuwa nzima kabisa. Nikachukua sensa nyingine tatu za kwangu tukazitumbukiza pamoja kwenye sufuria lake, zote 93. Tukamalizana vizuri.

Sasa kitu kinachoniumiza zaidi. Kwenye boila kuna themostati ya usalama, ile yenye kitufe chekundu cha kubonyeza kwa mkono, joto likizidi inakata feni na hairudi yenyewe. Mtu akibonyeza mara mbili tatu kwa wiki anachoka, anamwita kijana, kijana anapiga jampa, waya mmoja tu wa kuiruka themostati, boila inawaka, anapewa elfu kumi, kila mtu anafurahi. Nimeshaitwa kwenye hosteli moja baada ya hiyo jampa. Themostati ilikuwa inakata kwa sababu pampu imekwama na matope, maji ya moto hayatoki kwenye boila. Ile jampa ikaacha feni ipulize usiku kucha. Nilikuta mabomba ya plastiki ya PPR yamelegea na kupinda kama mkanda, sili ya pampu imekwisha, ukuta wa stoo umeloa wote. Kusafisha pampu ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Walilipa zaidi ya laki tisa, na nashukuru Mungu hakuna mwanafunzi aliyekuwa jirani na lile bomba. Mi jampa kwenye themostati ya usalama sipigi hata unipe hela gani, na nikiikuta naitoa kwanza ndo tunaongea.

Kingine ni kuichomoa sensa kwenye kile kibomba cha shaba kinachoingia ndani ya maji na kuifunga nje kwa tepu eti ni rahisi kubadilisha. Nje inasoma joto la bati, sio la maji, na siku ya baridi ya mwezi wa saba inachelewa sana. Iingie mpaka mwisho wa kibomba, na grisi ya kupitisha joto kidogo.

Alafu kuni. Nusu ya simu za "sensa imekufa, joto halipandi" nikifika nakuta milingoti mibichi iliyokatwa juzi, moto unafuka, lami inatiririka kwenye chimni. Sensa inasoma 45 kwa sababu maji yana 45 kweli. Miwati iliyokaa chini ya bati miezi sita inafika 80 bila shida.

Kuhusu yule mama: nilimwambia sensa zake mbili ni nzima, nilizipima mbele yake, azitunze za akiba. Waya nimemuungia kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko, mbali na dirisha. Mwezi ujao napita kuukagua, hiyo simdai.