Kizunguzungu cha kugeuka kitandani si cha kupewa vidonge vya mwezi mzima

Mhariri,

Kurasa za afya zikigusa kizunguzungu, ushauri huwa uleule: pima presha, kunywa maji, pumzika, hali ikizidi umwone daktari. Si ushauri mbaya, ila haumsaidii mtu ambaye nyumba humzunguka kila anapogeuka kitandani. Huyo hupimwa presha ikakutwa sawa, akapimwa malaria na wingi wa damu, kisha akarudi nyumbani na vidonge vya kutuliza kizunguzungu, prokloperazini au sinarizini, vya mwezi mzima. Kumbe mara nyingi tatizo lake liko sikioni, tena ni la kutibiwa kwa dakika zisizozidi kumi na tano bila kidonge. Sisi wa fiziotherapia tunawapokea watu hawa wakiwa wamechelewa, na wengi wangemalizana na tatizo lao palepale kwenye zahanati ya karibu.

Kazi yote inaanzia kwenye swali. "Unajisikiaje?" haifiki mbali, maana mgonjwa atajibu kwamba ana kizunguzungu, basi. Aulizwe kinamjia akifanya nini na kinakaa muda gani. Akisema kinamjia akilala au akigeukia upande fulani, akiinama kuchomeka chandarua chini ya godoro, akiinua uso kuanika nguo, akisujudu, na kila mara kinaisha kabla ya dakika moja, tayari umeshapata nusu ya jibu. Wapo watakaosema kimewashika kutwa nzima. Wadodose taratibu: mara nyingi kuzunguka kwenyewe ni sekunde chache, kinachobaki ni kichefuchefu na kuyumba.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo mno za kalsiamu, zimenata juu ya utando laini, na kazi yake ni kuujulisha ubongo chini ni wapi. Jirani yake ipo mirija mitatu iliyopinda, imejaa majimaji, inayopima kichwa kinavyogeuka. Chembe zikibanduka zikatumbukia mrijani, mara nyingi ule wa nyuma, huendelea kuporomoka na kuyasukuma majimaji hata baada ya kichwa kutulia. Ubongo unapewa habari kwamba kichwa bado kinazunguka, na macho yanafuata habari hiyo ya uongo. Hali hii huwapata zaidi waliovuka miaka 50, wanawake kuliko wanaume, waliolala kitandani siku nyingi kwa ugonjwa, wenye kipandauso na waliopigwa kichwani. Aliyeanguka na bodaboda akainuka bila hata mchubuko anaweza kuanza kuona dari linazunguka siku chache baadaye. Wengi, hata hivyo, hawana sababu inayojulikana.

Kipimo chake si kigeni. Margaret Dix na Charles Hallpike walikieleza London mwaka 1952, na hakihitaji mashine. Mgonjwa akae kitandani miguu imenyooshwa, mahali ambapo akilala chali mabega yatafika ukingoni. Vitanda vingi vya uchunguzi vimesukumwa hadi ukutani upande wa kichwa, kwa hiyo kichwa hakina pa kuning'inia, kivuteni. Kisipovutika, tandikeni mkeka sakafuni na kukunja blanketi unene wa sentimita 10 hivi, likae chini ya mabega. Kwa maoni yetu mkeka ni salama kuliko kitanda, kwani mgonjwa hana pa kuangukia.

Geuza kichwa nyuzi 45 kuelekea sikio linalopimwa, yaani katikati ya kutazama mbele na kutazama begani. Macho yabaki wazi. Mlaze chali kwa mwendo mmoja wa haraka, kichwa kilegee nyuma kama nyuzi 20 chini ya usawa wa mabega, kisha subiri. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Sekunde za mwanzo huwa kimya, mpimaji anamwinua mgonjwa na kuandika kwamba hana tatizo, wakati chembe huchukua sekunde 2 hadi 20 kuanza kuporomoka. Zikianza, macho huchezacheza yakipiga kuelekea paji la uso huku yakijizungusha kuelekea sikio lililo chini, kisha hupungua na kukoma ndani ya dakika moja. Ukiona hivyo, ni mrija wa nyuma, na sikio lenye tatizo ni hilo lililo chini. Pima pande zote mbili, ukianza na unaoudhania mzima. Macho yakipiga kwa mlalo, kulia na kushoto, ni mrija mwingine na una tiba yake tofauti. Yakipiga kuelekea chini, au yakigoma kutulia, mpe rufaa.

Tiba ni ya John Epley, daktari wa masikio wa Portland, Oregon, aliyeichapisha mwaka 1992 baada ya kubezwa na wenzake kwa miaka. Tuchukue sikio la kulia. Mgonjwa akae kama kwenye kipimo, ageuze kichwa kulia nyuzi 45, alale chali kichwa kikiwa kimelegea nyuma. Asubiri mpaka kizunguzungu kiishe, kisha aongeze sekunde 30. Bila kuinua kichwa, akigeuze kushoto nyuzi 90, sasa kiwe kimeelekea kushoto nyuzi 45. Asubiri vilevile. Halafu mwili wote ugeuke, alalie bega la kushoto, kichwa kikiendelea kugeuka nyuzi nyingine 90 mpaka pua itazame sakafu. Asubiri tena. Mwisho aketi kwa kuinukia upande huohuo wa kushoto, kidevu kikiwa kimeinamishwa kidogo. Ikiwa sikio ni la kushoto, kila "kulia" kiwe "kushoto" na kila "kushoto" kiwe "kulia". Rudia kipimo, macho yakicheza tena, rudia tiba, mwisho mara tatu kwa siku hiyo.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuinua kichwa kati ya hatua moja na nyingine. Kikiinuka, chembe zinarudi zilikotoka na kazi yote imepotea, hata kama mgonjwa amepitia mikao yote. Kosa la pili ni kuweka mto chini ya kichwa badala ya mabega, jambo linalokiinamisha kichwa mbele pale kinapotakiwa kulegea nyuma. La tatu ni haraka: mgonjwa anaogopa, anataka yaishe, na msaidizi anamkubalia. Mwambieni mapema kwamba nyumba itazunguka na itatulia. Asile mlo mzito saa mbili kabla. Anayetapika kwa wepesi anaweza kupewa kidonge kimoja cha kuzuia kichefuchefu nusu saa hadi saa moja kabla, na hapo kidonge kina kazi. Akishaketi, ashikwe mabega kwa dakika moja au mbili. Wapo wanaohisi kana kwamba wanasukumwa na wakaanguka palepale.

Wasifanyiwe hivi wenye jeraha au upasuaji wa karibuni wa shingo, baridi yabisi iliyoshika shingo, mishipa ya shingo iliyoziba, au retina (utando wa nyuma ya jicho) iliyobanduka. Hao waende kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Zamani mgonjwa aliambiwa alale ameketi kwa siku mbili baada ya tiba. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani, uliorekebishwa 2017, unasema hakuna haja, na mwongozo huohuo unapinga kutibu hali hii kwa dawa za kutuliza kizunguzungu. Alale apendavyo. Kuhisi kama anaelea kwa siku kadhaa ni kawaida. Arudi baada ya wiki apimwe tena. Takriban wanane kati ya kumi hupona kwa mara moja hadi tatu, lakini karibu nusu hurudiwa ndani ya miaka mitano, ndiyo maana ni vyema mgonjwa na mtu wa nyumbani kwake wafundishwe hatua hizi kabla hawajaondoka.

Turudi kwenye vidonge. Prokloperazini na sinarizini haziwezi kuziondoa chembe mrijani. Zinachofanya ni kuutia ubongo usingizi, nao ubongo uliosinzia hauwezi kujizoesha. Kwa mzee, wiki kadhaa za dawa hizi huleta kusinzia, kuanguka na kuvunjika nyonga, pia mitetemeko na ukakamavu unaofanana na ugonjwa wa Parkinson. Tumewaona wazee walioongezewa dawa ya kutetemeka juu ya dawa iliyosababisha kutetemeka. Mahali pa vidonge hivyo ni pale kizunguzungu kinapokuja ghafla, hakikomi kwa saa nyingi au siku, mtu anatapika na hawezi kula, hali ambayo mara nyingi ni uvimbe wa mshipa wa fahamu wa sikio. Apewe siku zisizozidi tatu, kisha dawa ziachwe na mazoezi yaanze. Bandika herufi ukutani, simama hatua mbili mbali, tikisa kichwa kulia na kushoto huku ukiisoma bila kuiachia, dakika moja, mara tatu kwa siku. Kizunguzungu kitakachoamka ndicho kinachoufundisha ubongo, kwa hiyo asiache kwa sababu hiyo.

Anayeona giza anapoinuka, lakini akigeuka kitandani hana neno, ni kesi nyingine kabisa. Presha yake ipimwe amelala dakika tano, kisha amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, jibu ndilo hilo. Kumpima ameketi tu, kama inavyofanyika kila siku, hakutaonyesha kitu. Chunguzeni dawa za presha anazomeza, hasa za kukojoza, dawa za tezi dume, upungufu wa damu, kuharisha. Lakini asijiachishe dawa mwenyewe.

Neno moja kuhusu sindano za jentamaisini na streptomaisini: zinaweza kuharibu masikio yote mawili. Hapo mtu hazungukwi na nyumba. Huyumba gizani na huona barabara ikirukaruka anapotembea. Anayechomwa sindano hizi akihisi hivyo, au masikio yakilia, aseme leo, asingoje dozi iishe.

Na yeyote ambaye kizunguzungu kimekuja pamoja na mdomo kwenda upande, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwiliviwili, kichwa kuuma ghafla kwa kiwango ambacho hajawahi kukijua, sikio kuziba ghafla, au kushindwa kusimama bila kushikwa, asilazwe mkekani kwa zoezi lolote. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hiyo inaweza kuwa kiharusi.

Mhariri, mkipata nafasi ukurasani, chapisheni hatua za Epley kwa michoro. Ombi letu ni kwamba michoro iwe seti mbili, ya sikio la kulia na ya sikio la kushoto, kila moja imeandikwa jina lake juu. Mchoro wa upande mmoja, ambao ndio huzunguka kwenye simu, huigwa vilevile na mwenye tatizo upande wa pili, naye anahitimisha kwamba tiba haifanyi kazi.

Wataalamu wa fiziotherapia,
Dar es Salaam