Tuwape ndege wetu mbegu zilizochipua

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaofuga kasuku wadogo na chiriku. Wengi wanawapa ulezi mkavu mwaka mzima. Ndege anaonekana ameshiba, kumbe vitamini anazopata ni chache. Mbegu ikianza kuota hulainika, vitamini huongezeka, na hata mama mwenye makinda hupata chakula chepesi cha kuwalisha.

Mimi hutumia ulezi, ngano na choroko. Naosha mpaka maji yawe maangavu, naloweka usiku kucha, kisha asubuhi nazichuja na kuziacha kwenye chujio lililofunikwa kitambaa chepesi. Hapa Tanga joto halina huruma, kwa hiyo nasuuza asubuhi, mchana na jioni. Maji yakituama chini, ukungu hauchelewi. Kijimzizi cheupe kikitokeza, kifupi kuliko punje yenyewe, basi tayari. Lakini nusa kwanza! Harufu iwe ya majani mabichi. Zikinuka uchachu au zikiteleza vidoleni, tupa zote.

Kinachoniumiza ni watu kununua mbegu za kupanda kwenye maduka ya pembejeo. Zile zenye rangi ya waridi au kijani zimepakwa dawa, ni sumu kwa ndege. Maharage mabichi nayo yana sumu, hata yakiota. Mtama uliochipua nao tuuache, machipukizi yake yana sumu kali iitwayo sainaidi.

Na jamani, mabaki tuyatoe tunduni yakishakaa kwa muda wa saa mbili au tatu, hasa wakati wa jua kali.

Mfugaji wa ndege,
Chumbageni, Tanga